Tisini na Tisa

Mita ni moja, nyumba ni mbili.
Chini, Bi Mwanasiti na friza yake ya barafu za ukwaju;
juu, mimi na kompyuta ya mezani
niliyouziwa Mwembe Tayari na fundi Bahero,
haina kifuniko, mbavu zi wazi,
feni yake yalia kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Kazi yangu ni harusi za wanawake.
Picha zisizofaa kutoka nje nazikata mimi,
nazishona mimi, mlango umetiwa komeo:
hina, kupambwa, usiku wa vugo,
shangazi aliyeangua kilio katikati ya pilau
(hapo huwa nakata).

Februari. Hata pazia halitikisiki.
Saa tatu usiku nikaiamuru mashine inipikie filamu nzima,
harusi ya kina Bakathir, saa mbili na dakika arubaini,
nikakaa kitandani kuitazama.
Prosesa ikatimka.
Digrii themanini. Themanini na tisa.
Tisini na nne.
Feni ikapanda hadi ikawa sauti moja isiyo na pumzi,
vumbi likanukia kama bizari iliyoungua,
na kule ukutani mita ikihesabu kinyumenyume.
Saa nne, yuniti tano.
Saa saba, mbili.
Saa kumi kasorobo, giza,
na filamu imebakisha maharusi kushuka ngazi.

Asubuhi Bi Mwanasiti alipanda kwangu na ndoo.
Sikugombezwa. Heri ningegombezwa.
Barafu mia na ishirini zimerudi kuwa sharubati.
"Kunywa, mwanangu," akasema,
"wana wa shule hawanunui maji ya jana."
Nikanywa. Ukwaju ulikuwa mtamu, haya ikanikaba.

Bahero simuni alicheka kwanza, ndipo akasema:
"Fungua mipangilio ya umeme.
Usihangaike na vile vitatu vya mbele,
cha ubahili, cha wastani, cha kufa kupona.
Shuka ndani, na ndani yake tena,
mpaka uone kiwango cha juu cha prosesa.
Pameandikwa mia.
Andika tisini na tisa."

"Moja tu?"

"Moja tu. Ikipewa mia
hujiona haina mwisho, hukimbia kupita mwendo wake.
Ipunguzie moja, itakumbuka kutembea."

Nilidhani ananifanyia mzaha.
Nikaandika tisa, nikaandika tisa,
nikanunua tokeni za mia mbili, nikaanza upya.

Digrii sitini na sita.
Feni ikashusha pumzi.
Nikasikia bomba la jikoni likidondosha,
paka wa jirani juu ya mabati,
na chini ya sakafu friza ikinguruma polepole.
Kumbe nayo ina sauti. Miaka miwili sikuijua.

Filamu ilichelewa dakika thelathini na tano.
Bibi harusi hakuziona hizo dakika.
Alitaka tu kujua kama nimemkata shangazi.

Nilipomsimulia mamangu, alikuwa mswalani bado,
tasbihi mkononi, punje tisini na tisa.
Akanitazama kana kwamba nimekuja kumwambia
jua lachomoza mashariki.
"Wajua leo?" akasema, akaendelea na punje yake.

Sasa nimeshusha na kiwango cha chini: asilimia tano,
ili nisipoigusa ilale, isijifanye iko macho.
Jana mteja wa Kisauni alipiga, sauti juu,
ataka kazi yake alfajiri.
Nikamwambia adhuhuri.
Akanyamaza. Akasema haya, adhuhuri.

Nilipofungua mlango jioni, kwenye ngazi ya mwisho
nikakuta kisahani, na juu yake barafu moja ya ukwaju,
ngumu, yatoa moshi.

Ile asilimia moja niliyoiondoa sijui ilikwenda wapi.
Labda iko chini, kwa Bi Mwanasiti,
yaganda.